Tajiri anataka nikae kwenye mzani msimu huu, mke anasema pokea, roho inakataa. Mnasemaje wakuu?

Karani wa Kati
Habari za muda huu wakuu. Niende moja kwa moja kwenye mada.

Nafanya kazi kwa mfanyabiashara wa mazao huku kanda ya kati, mahindi na alizeti. Mpaka sasa kazi yangu ni daftari, naandika mzigo unaoingia, nalipa vibarua, napanga magari. Sasa msimu ndo unaanza na jamaa aliyekuwa anakaa kwenye mzani kaondoka, tajiri kaniita kasema kuanzia Jumatatu wewe ndo unakaa pale, mshahara unapanda na kuna "ya juu" ya kila siku. Wote pale tunajua ya juu inatoka wapi. Kila gunia linakatwa kilo moja wanasema ni uzito wa gunia, halafu pointi haziandikwi, mzani ukisoma 96.8 inaandikwa 96. Toa ile moja, mkulima analipwa 95. Hiyo kilo ilikuwa na mantiki enzi za magunia ya katani, katani tupu kweli inacheza kwenye kilo, ila siku hizi watu wote wanaleta kwenye salfeti, yale magunia ya plastiki, na salfeti tupu haifiki hata robo kilo. Siku ya mzigo mwingi tunapima gunia kama mia tatu. Ukipiga hesabu ya kilo na pointi pamoja, gunia nne zinapatikana kwa siku bila mtu kushika jembe.

Mke wangu ni mjamzito. Anasema kazi ni kazi, wewe umeajiriwa, dhambi ni ya tajiri. Lakini baba yake ni mkulima na mahindi yake yatapita kwenye mzani huohuo. Nikamuuliza na ya baba je? Akasema ya baba upime sawa.

Swali langu: kazi ikishakuwa hivi bado unaweza kusema ina maana kwako, au maana ya kazi ni ile hela inayofika nyumbani basi? Na utakuwaje mkweli nyumbani kama kazini unalipwa ili uandike uongo?

Mchele Supa
Naweka kiti hapa nisubiri wakubwa. Ila "ya baba upime sawa" imeniacha hoi, shemeji ameshajibu swali lote bila kujua.

Mzee wa Ghala
Kijana pokea kazi. Usipokaa wewe atakaa mwingine ambaye atakata kilo mbili badala ya moja. Mimi nimekaa kwenye maghala toka enzi za vyama vya ushirika, sijawahi kuona mzani usiokata. Kila mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake. Wewe una mimba nyumbani, clinic, nguo za mtoto, kodi. Maana ya kazi utaitafuta ukishashiba.

Bint Pangani
@Mzee wa Ghala shikamoo mzee wangu, ila hiyo hoja ya "atakaa mwingine" ndo imetufikisha hapa. Kila anayekaa pale anasema mimi angalau nina huruma, nakata kidogo. Kwetu sisi Waislamu kuna sura nzima inaitwa Al-Mutaffifin, ya 83, imeanza na ole kwa watu wa namna hiyo, wakipimiwa wao wanataka kamili na wakiwapimia wengine wanapunguza. Haijasema ole kwa tajiri peke yake, imesema wanaopima.

Sauti ya Nyikani
Na sisi kwenye Mithali sura ya 11 mstari wa kwanza kabisa ni mizani ya hadaa. Kwa hiyo hapa dini zote mbili zimekubaliana mapema, tusubiri waje na sababu nyingine.

Mzee wa Ghala
@Bint Pangani marahaba mwanangu. Hizo aya nazijua zote. Na waliokuwa wanakata nao walikuwa wanazijua, wengine walikuwa wanatoka kuswali ndo wanakuja kwenye mzani. Ndo maana nasema tatizo sio elimu ya dini, ni hesabu za maisha. Mshahara wa karani wa mzani unajua ni shilingi ngapi?

Kijana wa Ilula
Mi ni mkulima, vitunguu na nyanya, na nimesoma uzi huu damu inachemka. Mnaongea kilo moja, njooni kwenye lumbesa. Sheria ya vipimo iko wazi, mazao yafungashwe mzigo usiozidi kilo 100, lakini mnunuzi anakuja na magunia yake kayashonea kipande cha juu, unajaza mpaka linakuwa kama mtu kabeba mtoto mgongoni, analipa bei ya gunia moja. Hapo hakuna hata mzani wa kuibia, macho tu. Kwahiyo mleta uzi ukiniuliza mimi nitakwambia kaa kwenye mzani HALAFU upime sawa. Mkulima akikuta karani mmoja anayeandika pointi, habari inafika kijiji kizima kabla ya jioni.

Mwana Nyandarua
Salamu kutoka Kenya. @Kijana wa Ilula hiyo ya lumbesa hata sisi tunaijua vizuri na viazi. Tuko na sheria ya 2019 inasema gunia la viazi lisizidi kilo 50. Iko kwa karatasi. Broker akifika shambani anasema ukitaka kilo 50 ngoja huyo wa kilo 50 aje akununulie, na viazi zimeshachimbwa, zinaota mizizi. Unafunga gunia vile anataka. Kwa hivyo mimi sioni kama ni shida ya karani kuwa mwaminifu ama la, shida ni kwamba mkulima hana pa kuweka mzigo wake akingoja. Mpe stoo na uone kama ataibiwa.

Tajiri Mtarajiwa
Wakulima nao si malaika jamani tuongee ukweli. Kanda ya Ziwa pamba inamwagiwa maji na kuchanganywa mchanga ili ivute mzani, ufuta unawekwa mchanga, mahindi yanaletwa mabichi yakikaa wiki yamepungua. Mnunuzi anakata kilo kujilinda na hayo. Hakuna mtakatifu kwenye hii biashara, kila mtu anamuwahi mwenzake.

Kijana wa Ilula
@Tajiri Mtarajiwa kwahiyo anayeleta mahindi makavu na safi anakatwa kwa ajili ya aliyeleta mabichi? Si mpime unyevu, vifaa vipo! Mahindi yakiwa juu ya asilimia 13 na nusu mrudishe akaanike. Hiyo ya kukata wote ni kwamba hamtaki kutafuta mkosaji maana mkimpata ile kilo inaondoka.

Nesi wa Zamu
Mi sio mtu wa mazao ila swali la mleta mada kuhusu maana ya kazi limenigusa niseme.

Wodini kuna chati ya mgonjwa, presha inapimwa kila baada ya saa kadhaa usiku kucha. Kuna zamu utakuta chati ya saa kumi alfajiri wagonjwa sita mfululizo wote 120/80. Sita! Watu sita tofauti, mmoja kafanyiwa upasuaji jana, mmoja ana kifafa cha mimba. Hiyo presha imepikwa mezani. Na daktari akija asubuhi anaamua dawa kwa kuangalia ile namba, haangalii kingine. Watu wengi wakisikia "kusudi la maisha" wanafikiri ni kitu kikubwa utakachoambiwa kwenye semina ya kulipia. Mimi nimeliona pale, kwenye namba ndogo ambayo mtu mwingine anaitegemea na hana namna ya kuihakiki. Mgonjwa kalala, hajui umeandika nini. Mkulima wako naye haoni daftari. Ukiandika kweli wakati hakuna anayekuona, hiyo ndo kazi yako, mengine ni mshahara.

Mchele Supa
Nesi umeandika kitu kizito aisee.

Fundi Geji
Nakubaliana na nesi ila mi naongeza na upande wa faida, maana vijana wakisikia uaminifu wanafikiri ni umaskini. Nina gereji. Mteja akija na tatizo la umeme nikakuta ni fyuzi, namwambia ni fyuzi, nampa ile ya zamani mkononi aione imekatika, namchaji hela ya fyuzi na muda wangu. Kuna wenzangu hapohapo fyuzi inageuka kuwa alternator. Leo yeye kala kuku, mimi nimekula dagaa. Ila mwisho wa mwezi wateja wangu wanarudi na wanaleta mashemeji zao. Uaminifu ni biashara, tena nzuri.

Mzee wa Ghala
@Fundi Geji wewe una gereji YAKO. Ukisema kweli faida ni yako. Karani akisema kweli hasara ni ya tajiri na karani anafukuzwa. Usilinganishe.

Fundi Geji
Mzee hapo umenikaba, nakubali kwa nusu.

Bint Pangani
Na tatizo la "uaminifu unalipa" ni kwamba siku usipolipa unauacha. Mtu awe mkweli kwa sababu ni mkweli tu.

Mwalimu wa Zamani
Vijana hamjambo. Sisi tulisoma na ahadi za TANU, tulikuwa tunaziimba kwa moyo: rushwa ni adui wa haki, sitapokea wala kutoa rushwa. Cheo ni dhamana. Nitasema kweli daima, fitina kwangu ni mwiko. Na zilikuwa na mifano ya watu. Mzee Mwinyi alijiuzulu uwaziri wa mambo ya ndani mwaka 1975 kwa sababu ya vifo vya watuhumiwa Shinyanga na Mwanza, na si yeye aliyeshika fimbo. Alisema ni wizara yangu, akatoka. Leo nani anafanya hivyo?

Mtunza Kumbukumbu
Mwalimu shikamoo, marekebisho madogo, ni 1977. Ilikuwa msako wa wauaji wa vikongwe, watu wakafia mikononi mwa vyombo vya dola. Mengine uko sahihi.

Mwalimu wa Zamani
Marahaba, ahsante, 1977.

Tajiri Mtarajiwa
Heshima kwa Mzee Ruksa, ila baada ya kujiuzulu alipelekwa balozi Misri, na 1985 akawa Rais. Karani wa Kati akijiuzulu Jumatatu nani anampa ubalozi?

Mwalimu wa Zamani
Wakati anaandika ile barua hakuwa anajua kama kuna ubalozi wala urais mbele. Tusisome habari kuanzia mwisho.

Mama Kikoba
Mmejaza kurasa na mahindi, swali la pili la kijana hamjaligusa, la nyumbani. Mi nitalisema.

Huyu mke anayesema "pokea" msimlaumu haraka. Wanaume wengi mmeficha mishahara yenu toka siku ya ndoa. Mwanamke hajui kinaingia shilingi ngapi, anajua tu kinachofika mezani. Sasa ghafla mume anakuja na suala la dhamiri, yeye anasikia hela inaondoka. Kwenye kikoba chetu tunajua siri za ndoa za mtaa mzima. Mwenzetu mmoja alikopa mkopo wa kausha damu, wale wa marejesho kila siku, mume hajui. Kumbe mume naye alikopa kwa watu walewale, mke hajui. Wakusanya marejesho walikutana mlangoni siku moja. Mlango mmoja! Kila mmoja alikuwa anamlinda mwenzake asipate presha. Na hela zote mbili zilienda kwenye ada ya mtoto mmoja, walilipa mara mbili, shule ikaandika ya muhula unaofuata.

Kwahiyo karani, kabla hujamwambia mkeo kazi ni chafu, amewahi kuiona salary slip yako?

Sauti ya Nyikani
Mama Kikoba leo amekuja na kiboko.

Dereva wa Semi
Mama mi nakupinga kidogo. Mwanaume ukitaja mshahara wote, kesho ukoo mzima wa mke unaujua. Siri kidogo inalinda nyumba.

Mama Kikoba
@Dereva wa Semi inalinda nyumba ipi baba, hii au ile ya Tunduma?

Dereva wa Semi
Mama unataka kunitafutia kesi, narudi kwenye mahindi.

Mchele Supa
😂😂 Dereva amekanyaga breki.

Raia wa Vipimo
Nimechelewa uzi. Mleta mada, suluhisho rahisi: wape taarifa Wakala wa Vipimo, wanakuja kukagua mzani, kwisha. Mzani unaotumika kibiashara lazima uhakikiwe kila mwaka na uwekwe stika. Afu kuna mtu akileta hoja ya debe, debe la mahindi ni kilo 20, gunia ni debe tano.

Kijana wa Ilula
Debe la mahindi kilo 20 ni lile la kupiga ngumi na kuweka kilima juu. Debe la kukata usawa linakaa kwenye 17 au 18, ndo maana watu wanahesabu debe sita kwa gunia. Aliyekwambia 20 alikuwa ananunua.

Karani wa Kati
Asanteni sana wote, nimesoma kila komenti. Nijibu chache.

@Raia wa Vipimo stika ipo, tena ya mwaka huu. Mzani wenyewe ni mzima kabisa, wa kidigitali, ukipanda wewe unasoma kilo zako sawa. Wizi uko kwenye kalamu. Mkaguzi akija atauhakiki mzani ataukuta sahihi ataondoka.

@Mama Kikoba mshahara wangu anaujua. Ya juu ndo asingeijua, maana ile haina karatasi. Nimekaa naye jana nikamwonyesha kwa mahindi ya baba yake. Mwaka jana baba aliuza gunia arobaini. Nikaandika kwenye karatasi kilo ya gunia mara arobaini, pointi nikakadiria nusu nusu, zikatoka kilo kama sitini hivi, mara bei ya siku ile. Akakaa kimya kidogo akasema hiyo ni mbolea ya kupandia. Hajasema niache kazi, ila hajarudia kusema pokea.

@Mzee wa Ghala mzee hoja yako ya mshahara nimeielewa na inaniuma maana ni kweli.

Bint Pangani
Sasa umeongea na mke, bado tajiri. Umemwambia? Au unataka kumkimbia kimya kimya? Na kumkimbia bila kusema nako si ukweli.

Tajiri Mtarajiwa
Usimwambie. Atakutoa kwenye mzani na kwenye daftari.

Nesi wa Zamu
Mwambie. Kwa adabu, mkiwa wawili, sio mbele ya vibarua. Usimwite mwizi, muombe namna ya kuandika.

Karani wa Kati
Wakuu nimerudi. Nimeongea nae jana jioni baada ya kufunga. Nilitegemea atafoka. Hakufoka. Akanitolea karatasi za kiwandani Dar anakopeleka mzigo. Anasema gari linaondoka huku na tani 30, likifika kule linasoma pungufu kilo mia mbili au mia tatu, kila safari, akiuliza anaambiwa mahindi yamekauka njiani. Yaani na yeye anapunjwa, na ile kilo anayokata huku ndo anazibia kule. Sikujua hilo. Sasa sijui nimuonee huruma au niendelee kumuona vilevile.

Mwana Nyandarua
Ndio hiyo nilisema. Kila mtu anapitisha hasara chini mpaka inafika kwa yule hana mtu wa chini.

Mzee wa Ghala
Na ndo nilichokuwa nasema toka mwanzo, mzani usiokata haupo. Ila kwa kuwa kijana kaongea na mtu mzima na hajafukuzwa, nampa hongera.

Bint Pangani
Aliyeibiwa Dar hawezi kudai kwa mkulima wa Kongwa. Deni lake liko kiwandani.

Dereva wa Semi
Hapa sasa ni kwangu. Mahindi makavu hayapungui kilo mia tatu kwa safari ya siku moja, huo ni uongo. Wakati mwingine wanapima gari likiwa na mzigo dereva na utingo wakiwa wameshuka, halafu likishashusha wanalipima tupu ila dereva na utingo wamekaa ndani na maji ya kunywa yamejazwa, uzito wa gari tupu unapanda, wa mzigo unashuka. Mwambie tajiri achukue tiketi za mizani ya barabarani, zinaonyesha uzito wote, alinganishe.

Mtunza Kumbukumbu
Nyongeza hapo, mizani kama Vigwaza inapima gari likiwa linatembea, ukiwa ndani ya kiwango unapita na huenda usipate karatasi. Bora apime kwenye mzani wa kulipia kabla ya kuingia kiwandani, gari na mzigo, na akitoka apime tena tupu. Na mafuta yanayoungua njiani nayo ni kilo, asiyasahau.

Dereva wa Semi
Sahihi mkuu, hiyo ni bora zaidi.

Karani wa Kati
Nimempelekea, amefurahi, safari ijayo anajaribu. Kwa upande wa huku amekubali jambo moja, pointi ziandikwe zote kama zilivyo. Kilo ya gunia amekataa. Anasema soko zima wanakata, akiacha peke yake atakuwa ananunua ghali kuliko wote. Jumatatu ijayo natakiwa nimjibu kama nakaa au sikai.

Fundi Geji
Kaa. Umepata nusu kwa mazungumzo ya jioni moja.

Bint Pangani
Usikae. Nusu ya kupunja ni kupunja.

Mama Kikoba
Mimi ningekuwa mkeo ningesema kaa, ila hiyo "ya juu" usiichukue hata siku moja, aiongeze kwenye mshahara uliosainiwa au aiache.

Kijana wa Ilula
Karani nina swali moja kama mkulima. Mkishapima, salfeti anarudi nazo mkulima au zinabaki?

Karani wa Kati
Zinabaki kwa tajiri. Anazitumia tena au anaziuza.

Kijana wa Ilula
Basi mkulima anakatwa kilo ya gunia, na gunia lenyewe analiacha bure. Hilo nalo mpelekee.